Kisanduku Kilichozima Ubingwa wa Briji

Mheshimiwa Meya wa Salto, Ndugu Rais wa Shirikisho la Briji la Uruguay, uliyeondoka Montevideo alfajiri na kufika hapa na tai yako bado imenyooka, Bi. Etelvina Burgueño, mama yetu wa miaka tisini na moja; wanachama wa klabu hii; wageni wetu wa mikoani na majirani wa ng'ambo ya mto; nanyi mliosikia kuna sambusa za empanada mkaamua kupenda briji ghafla: nawasalimu wote, na karibuni sana.

Mimi ni Nélida Techera. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne, na tangu nistaafu sina kazi nyingine ila udaku. Msicheke, kwa sababu udaku huo ndio ulionisimamisha hapa.

Kombe hili mnaloliona mezani lina majina ya mabingwa wa taifa, wawili wawili, kuanzia mwaka 1951 hadi 1986. Chini yake kumechongwa 1987, na mbele ya tarakimu hizo hakuna kitu. Leo fundi Baltasar amekuja na patasi yake ndogo kuujaza mstari huo. Majina mnayoyategemea nayajua. Nimeliona bango mlilotundika mlangoni, "Etelvina, Bingwa Wetu", na herufi zimepakwa rangi vizuri kweli. Lakini je, kuna hata mmoja wenu aliyewahi kujiuliza kwa nini mstari huu umekaa mtupu miaka thelathini na nane?

Kwa wale msiocheza, nitasema kwa kifupi. Katika mashindano ya karata za briji hatuiachii bahati kazi yetu. Karata hugawiwa mara moja tu, kisha kila mkono wa karata kumi na tatu hukaa kwenye tundu lake ndani ya kisanduku cha mbao: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi. Kisanduku huhama kutoka meza hadi meza, ili wote wacheze karata zilezile na tujue nani fundi na nani mpiga domo. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa, na kila meza ikimaliza kucheza huifungua na kuandika matokeo yake. Kisha kila mtu hurudisha karata zake kwenye tundu lake. Ni kazi ya mtoto wa chekechea, au ndivyo tunavyojidanganya.

Basi, Wiki ya Utalii ya mwaka 1987, ile ya kuelekea Pasaka, ndani ya ukumbi huuhuu, jozi mbili zilikuwa zinakabana koo kileleni. Ya kwetu ilikuwa Bi. Etelvina na mwenzake, mfamasia Ordelio Sastre, Mungu amrehemu. Ya Montevideo ilikuwa wakili Ibarlucea na mkewe, Bi. Blanca. Walikutana kwenye kisanduku cha ishirini na mbili. Bi. Blanca alikaa Mashariki. Bi. Etelvina, aliyekaa Kaskazini, akatangaza shupaza kuwa turufu, akaahidi mizunguko kumi na miwili, akaichukua yote kumi na miwili. Watu walipiga makofi hadi mwamuzi akakasirika.

Kwenye meza iliyofuata, bwana mmoja wa Paysandú alimaliza kucheza, akafungua karatasi, akaruka. "Haya ni mauzauza! Hapa wameandika Kaskazini ndiye mwenye shupaza, na mimi Mashariki nimezishika zote!" Karata za Kaskazini na za Mashariki zilikuwa zimebadilishana matundu. Kisanduku kikihesabiwa, Salto bingwa kwa nusu alama. Kikifutwa, Montevideo bingwa kwa nusu alama. Mwamuzi akasema uamuzi utakuja kwa barua, akapanda basi, na barua hiyo tunaisubiri hadi leo.

Enhe! Sisi tukawaita watu wa Montevideo wezi. Wao wakasema wachuma machungwa wa Salto hawajui hata kaskazini iko upande gani. Na desturi yetu, mnaijua, ni kwamba bingwa wa mwaka uliopita ndiye anayevunja muhuri wa pakiti ya kwanza. Mwaka 1988 watu arobaini walikaa Montevideo saa mbili nzima wakiitazama pakiti moja, na kwa kuwa hakuna bingwa, hakuna aliyethubutu kuigusa. Wakanywa kahawa, wakaagana kwa heshima, wakaenda zao. Ubingwa wa miaka thelathini na sita ukafa hivyo, kwa adabu kabisa.

Mwezi Machi nilikuwa natafuta vitambaa vya meza kabatini, nikakiona kisanduku chenyewe. Karatasi ilikuwa bado imo ndani! Nikaisoma mstari kwa mstari. Hadi meza ya tano, shupaza ziko Kaskazini. Kwenye meza ya sita, ziko Mashariki. Na mstari wa meza ya tano umeandikwa kwa mkono ninaoujua tangu utoto.

Nikaenda kwa Bi. Etelvina. Alikuwa uani na kibuyu chake cha chai ya yerba, akaangalia nilichobeba, akacheka.

"Umechelewa, mwanangu. Nilidhani wewe ni mdaku kuliko hivi."

"Bi. Etelvina, ulijua?"

"Nilijua jioni ileile. Tulipomaliza, Blanca aliniuliza, 'We mwanamke, ulikuwa na nini hasa mkononi?' Nikamwambia, 'Tazama mwenyewe, nipe na zako nizione.' Tukabadilishana, tukabishana kama kuku, mwamuzi akapiga kengele. Kila mmoja akarudisha kwenye tundu lake alizokuwa nazo mkononi."

"Na mkanyamaza wote wawili?"

"Yeye alinyamaza kwa ajili ya mumewe, asimkoseshe kombe. Mimi nilinyamaza kwa sababu ule mchezo ndio uliokuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza, na nililitaka kombe. Bado nalitaka, usinione mzee. Kila mwaka tuliandikiana barua mimi na Blanca, na kila mwaka tulisema mwakani tutasema. Blanca alifariki Juni mwaka jana. Nimebaki na siri ya watu wawili, na ni nzito kwa mtu mmoja."

Nikamwambia, Salto nzima inataka kuchonga jina lake. Akanijibu, na haya ni maneno yake aliyoniagiza niyaseme yeye akiwa amekaa hapa mbele yenu: "Waambie, na usitie sukari."

Ndugu zangu, sijatia. Naona bwana mmoja pale nyuma analiangalia bango. Liacheni tu, rangi yake ni nzuri. Lakini niambieni, nani kati yetu angejivua ubingwa akiwa na miaka tisini na moja, huku watu wote wako tayari kumvisha? Mimi nisingeweza. Nampenda kwa hilo kuliko kwa ile mizunguko kumi na miwili.

Sasa mwalimu wa hesabu amalizie hesabu yake. Kanuni za mwaka ule zilisema jozi inayochanganya karata za kisanduku inakatwa alama tatu. Wamechanganya Salto, wamechanganya Montevideo, wote wakatwe. Jozi ya tatu ilikuwa nyuma yao kwa alama mbili tu. Jozi hiyo hakuna aliyeiuliza chochote, si mwamuzi, si magazeti, si sisi. Walikuwa karani wa posta wa Tacuarembó na kaka yake, waliokuja na mkate wao wa kula njiani, wakacheza kimya, wakarudi na basi la saa kumi.

Bi. Zulma Píriz, nilipokupigia simu nilikudanganya. Nilikwambia ni sherehe ya wachezaji wa zamani. Nisamehe. Simama tafadhali, na umwamshe kaka yako, Bwana Arquímedes. Rais wa Shirikisho amezipitia hesabu zangu na ametia saini. Fundi Baltasar, andika: Zulma na Arquímedes Píriz, na uyaandike kwa herufi kubwa.

Usilie, Bi. Zulma, au lia haraka, maana meza zimeshapangwa chumba cha pili na pakiti mpya inangoja mkono wako. Bi. Etelvina ameomba jambo moja tu: yeye nami tuwe wa kwanza kukaa dhidi yenu. Anasema hakuja kuwapa pongezi, amekuja kuwafunga.

Mmenivumilia, mkaacha hata empanada zipoe kwa ajili yangu. Shukrani zangu kwenu nyote.