Devotha Kasiani na Mashine Yenye Kitambaa cha Maua

Wapambanaji wenzangu wa jembe na wa kalamu! Wanaushirika mlioshuka milimani kabla jua halijachomoza, watumishi wa ofisi, wanafunzi wenzangu mliofika kutoka Chuo Kikuu cha Mzumbe: salamu za umoja ziwafikie, mliokaa na mliosimama.

Leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Bi. Devotha Kasiani, katibu muhtasi wa Ushirika wa Bustani za Milimani, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wengi wetu tunamfahamu kama Mama Shukuru, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Alianza kazi mwaka 1994, katika chumba kimoja cha kupanga hapa Mwembesongo, mbele ya taipureta ambayo herufi r ilikuwa imekufa. Kila r aliiandika kwa kalamu baada ya kuchapa. Neno Morogoro peke yake lilimtaka ashike kalamu mara mbili, na ushirika huu ulikuwa ukiandika barua nyingi. Hakulalamika? Alilalamika sana! Alilalamika hadi taipureta nyingine ikanunuliwa, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza.

Hakuwa mpole, wala hatuna sababu ya kumsingizia upole leo. Aliyeingia na tope kwenye viatu alirudishwa mlangoni, awe mkulima wa njegere au mwenyekiti wa bodi. Kijana aliyesahau shikamoo alisubiri hadi aikumbuke. Lakini hakuna mkulima aliyeondoka mezani kwake bila kuelewa karatasi aliyotia saini.

Ndugu zangu, tukumbuke hasa Agosti ya mwaka 2022. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, ungeweza kwenda kunywa chai kwa mama ntilie, ukarudi, ukaikuta bado inajitafuta. Na ndiyo iliyobeba programu ya mizani, ile inayosoma uzito wa mazao na kuchapa hati ambayo lori haliondoki bila kuwa nayo. Mashine ikiganda, foleni inaganda. Foleni ikiganda, lori linachelewa Dar es Salaam, na stroberi za Uluguru hazimsubiri mtu. Mwezi ule zililainika kwenye matenga, mbele ya macho ya waliozipanda, na baadhi ya wakulima wakaanza kunong'ona kwamba afadhali wawauzie madalali wa barabarani Dumila. Ushirika mzima ulikuwa ukining'inia kwenye mashine moja.

Aliitwa Fundi Jonathan, mwenye kibanda jirani na soko. Akaitazama, akatikisa kichwa: "Mama, hapa dawa ni moja. Tupige window upya, tufute kila kitu, tuanze moja."

"Na programu ya mizani utaitoa wapi? Kwa mjomba wako?" Mama Shukuru alimuuliza.

Swali lilikuwa la haki. Aliyeitengeneza programu ile alikuwa ameshahama nchi, na diski yake ya kuiwekea ilikuwa imevunjika zamani. Kufuta kila kitu kulikuwa na maana ya kurudi kwenye mizani ya mkono katikati ya msimu, huku wakulima wakiwa tayari mguu mmoja nje.

Sisi vijana tunalipenda neno "upya". Tunalipigia makofi, tunaliandika kwenye mabango. Ila ni nani hubeba mzigo pale kila kitu kinapofutwa? Mama Shukuru aliwatazama waliokuwa kwenye foleni, akaamua kwamba si wao watakaoubeba.

Akamtaka Jonathan kwanza anakili kila kilichomo kwenye diski ya nje, wasije wakajuta. Kisha wakaanza kuchambua. Walikuta programu mbili za kuzuia virusi zikipigana zenyewe kwa zenyewe, wakaondoa moja. Walikuta programu chungu nzima zinazojiamsha kila mashine inapowashwa, zikiwemo za printa zilizokwisha kutupwa, wakazizuia zisijiamshe. Walikuta diski imejaa video za harusi na za kipaimara, na Mama Shukuru, ambaye alicheza katika nyingi kati ya hizo, alizihamisha huku akitoa maoni juu ya mavazi ya kila mtu. Jonathan akafungua boksi la kompyuta na kupuliza vumbi jekundu lililokuwa limelala humo miaka mingi.

Asubuhi iliyofuata mashine iliamka kama kijana. Ofisi ikashangilia. Ilipokaribia saa nne, ikaanza kusinzia tena.

"Nilikwambia, mama," alisema Jonathan. "Hii ni ya kufuta."

Hapo ndipo Mama Shukuru alipoweka kiganja juu ya boksi, juu ya kitambaa. Mnakijua kitambaa hicho. Cheupe, cha kufuma kwa mkono, chenye maua ya manjano. Zawadi ya akina mama wa milimani, kilichofumwa na Bibi Maria wa kule juu kwenye njegere. Mama Shukuru mwenyewe ndiye aliyeivisha mashine siku ile ile ilipotolewa, na hakuruhusu mtu mwingine akiguse; hata Jonathan alipofungua boksi, alikivua na kukirudisha yeye mwenyewe. Kilifunika matundu yote ya hewa. Chini yake boksi lilikuwa la moto kama bati la mchana. Mashine ilikuwa ikipunguza mwendo ili isiungue. Na Bibi Maria alikuwa kwenye foleni, tenga la stroberi miguuni.

Utavuaje zawadi mbele ya aliyeitoa? Mama Shukuru akasimama, akamwita mbele, akamgusisha boksi lenyewe. "Bibi, kosa ni langu. Nimeipamba hadi nimeinyima pumzi."

Bibi Maria alicheka. "Kivue, mwanangu! Mimi nikipanda mlima saa sita mchana, mtandio nautoa. Nyie mnamfunika mtu akiwa kazini?"

Foleni nzima ilicheka, kitambaa kikavuliwa, feni ikapata hewa. Siku hiyo lori liliondoka kwa wakati, na wale wa Dumila hawakutajwa tena. Tangu hapo ofisi ina desturi yake: kitambaa kinavuliwa asubuhi kabla ya mashine kuwashwa, kinarudishwa jioni ikishapoa. Mama Shukuru hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Mashine ile ile imechapa hati za lori la leo.

Mama Shukuru, asante kwa ukali uliotulinda, na kwa kukiri kosa hadharani mbele ya foleni, jambo ambalo viongozi wengi hawajaliweza. Nenda kapumzike bustanini kwako. Mwili uwe na nguvu, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na kila akupitiaye akumbuke shikamoo.

Nasi, wapambanaji, tumesikia mezani pa bodi pendekezo la kuifuta mashine hiyo na kuanza upya, kwa kuwa mwenyewe sasa anaondoka. Jibu letu tutalitoa kwa mikono. Tunakutana Jumatatu, saa moja asubuhi, ofisini. Kitambaa tutakivua sisi.