Madaftari Niliyoandika kwa Mkono wa Kushoto

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo? Mwenyekiti kanipa dakika kumi, na wote mnanijua kwa maneno, kwa hiyo mama uliyeshika saa naomba unihurumie. Nimeombwa niwasimulie nilivyoanguka na nilivyonyanyuka katika kazi hii yetu ya kulea watoto majumbani. Majina sitataja. Atakayejitambua acheke kimoyomoyo.

Mwanzo nilikuwa mwalimu wa chekechea, ile ya madawati. Nilikuwa mkali, jamani. Mtoto wa miaka minne asipojua herufi, namsimamisha pembeni mpaka wenzake wamalize uji. Nilidhani ndiyo kufundisha. Kisha nikaalikwa kwenye mafunzo ya malezi ya mtindo unaoitwa Waldorf. Nilienda kwa ajili ya cheti, nisiwadanganye. Lakini mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alitukalisha chini, akatupa unga tukande, akatusimulia hadithi ileile siku tatu mfululizo. Akatuambia mtoto mdogo anajifunza kwa mikono, kwa kucheza na vitu vya asili, na kwa kuona mtu mzima anafanya kazi kwa utulivu. Kalamu itasubiri mpaka akaribie miaka saba. Mwenzenu nilirudi nyumbani nimebadilika.

Nikaacha kazi, nikafungua kwangu. Kariakoo, nyumba ya Kiswahili iliyobanwa na maghorofa pande zote, ila ina uani. Mama mwenye nyumba akaniruhusu nitumie uani wote, na yeye mwenyewe akawa mpishi wetu. Mtaniuliza, asili inapatikana wapi Kariakoo? Ndugu zangu, nawaambia, sokoni kumejaa. Nilikuwa napita asubuhi naokota magunzi, vifuu vya nazi, kokwa, majani ya migomba waliyofungia ndizi. Wanasesere nilishona kwa vipande vya vitenge, ndani nikajaza sufi. Plastiki hakuna, televisheni hakuna. Tulipanda mchicha kwenye ndoo zilizotoboka, na Ijumaa tulitembea wote tumeshikana mikono hadi Mnazi Mmoja, watoto wavue viatu wakanyage majani.

Watoto walifika kumi na mmoja. Wazazi wao wengi ni wafanyabiashara, wanafungua maduka alfajiri, wanashukuru kupata pa kuwaacha. Shida ikaanza mwezi wa pili. Mzazi anakuja kumchukua mtoto, anauliza, "Anti, leo wameandika nini?" Namwambia leo tumechambua mchele. Ananitazama. Kesho yake anauliza tena. Mtoto wa jirani yake kule kwingine ana madaftari matatu, yamejaa alama za vema. Wa kwake kaja na punje ya mahindi mfukoni.

Hapo ndipo nilipochemka. Badala ya kukaa na wazazi niwaeleze, nikaogopa. Nikawaza, wakiondoka hawa nitarudi kule kwenye madawati. Nikanunua madaftari kumi na moja. Watoto wakilala mchana, mimi nakaa kwenye kigoda naandika. a, e, i, o, u. Na ili mwandiko uwe wa kitoto, naandika kwa mkono wa kushoto. Nikimaliza, nahamia mkono wa kulia, nachukua kalamu nyekundu, nasahihisha. Wengine nawapa kumi kwa kumi. Wengine naweka makosa, nawapa saba, isionekane nawapendelea. Chekeni tu. Nilikuwa najifelisha mwenyewe.

Wazazi walifurahi sana, na mimi nikanogewa. Lakini kulikuwa na binti mmoja wa miaka mitano, mchana halali. Anajilaza tu, macho wazi, ananiangalia. Siku moja kaniuliza, "Anti, hilo si daftari langu?" Nikamwambia hii ni siri yetu, mama na baba usiwaambie. Wenzangu, nikitaja hapo nacheka na huku moyo unauma. Mtu mzima, mlezi, namfundisha mtoto kuficha kitu wazazi wake wasijue. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo baya kuliko mengine.

Baba yake anauza vitenge kwa jumla. Wakaja wageni kutoka kwao Moshi, akatoa daftari kujivunia. Shangazi akampa mtoto kalamu, haya mama, andika jina lako tuone. Mtoto akamjibu vizuri tu, "Mimi sijui. Anti ndiye anaandika, kwa mkono huu." Akanyanyua wa kushoto.

Asubuhi yule baba alikuwa mlangoni kwangu kabla sijamaliza kufagia. Akanisalimia kwa adabu kabisa, ndiyo iliyonitisha. Akafungua daftari ukurasa mweupe. "Anti, naomba uniandikie jina la mwanangu hapa. Kwa mkono wa kushoto." Nikaandika. Akalinganisha, akafunga daftari, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Kufika adhuhuri mtaa mzima wa vitenge una habari. Wiki ile wakaondoka tisa. Nikabaki na watoto wawili na uani mkubwa.

Sikutoka nje siku nne. Hata sokoni nilimtuma mama mwenye nyumba. Nilimpigia yule mwalimu wangu wa mafunzo nikitegemea pole. Hakunipa. Aliniambia, "Wewe ulikuwa unaionea aibu kazi nzuri. Wazazi wangekuaminije, na mwenyewe huiamini? Toka ndani, nenda ukawaambie ukweli."

Basi nikavaa baibui langu jipya, maana aibu ya mwaka inataka nguo safi, nikaenda duka kwa duka. Wengine walinisikiliza, mmoja alinigeuzia mgongo akaendelea kupima kitambaa. Kwa yule baba nilienda mwisho. Nikamwambia, "Nilikudanganya, nisamehe. Mwanao sikumfundisha kuandika, na kwangu hataandika mpaka umri ufike. Lakini kuna kitu anajifunza. Njoo Jumapili mchana ukifunga duka, uone." Akasema, "Nitakuja. Nikiona upuuzi naondoka." Binti yake alikuwa pale chini ya meza. Nikachuchumaa nikamwomba radhi na yeye, kwa ile siri. Akafikiri kidogo. "Haya," akasema. "Jumapili tutakanda?"

Jumapili wakaja wazazi watano na watoto wao, na yule binti akaletwa na mama yake. Baba hayupo. Tukakanda maandazi kama kawaida yetu, mimi sitoi amri, naimba tu wimbo wa kukanda na watoto wanafuata. Kazi ya kugawa matonge siku hiyo ilikuwa ya yule binti. Akazunguka uani, anamgusa kila mtu begani, kisha akarudi kwenye sinia akakata matonge, yakatosha watu wote, halikuzidi hata moja wala kupungua. Mama mwenye nyumba kashapasha mafuta. Ndipo baba akaingia.

Unga umekwisha. Mimi nikanyamaza, ingawa ulimi ulikuwa unawasha. Binti akamtazama baba yake, akatazama sinia. Kisha akaanza tonge la kwanza, akamega kidogo. La pili, akamega kidogo. Akapita yote, akakusanya alivyomega, akaviringisha tonge jipya. Akaliweka karibu na mengine, akainama kuangalia kama yanalingana.

Baba akauliza, "Nani kakuambia ufanye hivyo?"

"Si umekuja," mtoto akamjibu.

Yule baba maisha yake yote ni kugawa mzigo. Akavua viatu, akakaa mkekani. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Baadaye akaniambia, "Anti, hii ungenionyesha tangu siku ya kwanza." Jumatatu binti yake alirudi. Wengine watano wakafuata. Watatu hawakurudi mpaka leo, na siwalaumu.

Namshukuru mwalimu wangu aliyeninyima pole. Namshukuru mama mwenye nyumba, ambaye hata uani ulipobaki na watoto wawili tu aliendelea kupika uji wa watoto kumi na mmoja, tukaunywa sisi. Na nawashukuru wazazi wale, walionisamehe.

Somo langu ni dogo, mama mwenye saa, namalizia. Ukiijua kazi yako, iseme ilivyo, hata kama wapo watakaoondoka. Juzi mama mmoja mgeni kaniuliza, "Sasa mwaka mzima mwanangu atakuwa anarudi na nini?" Nikamwambia, "Atarudi na njaa, na mchanga kwenye nywele, na hadithi ya kukusimulia mpaka uchoke. Daftari hutaliona. Ukitaka zaidi ya hapo, kwangu hakuna." Akaaga. Nikajua huyo kaenda.

Jumatatu akamleta, na mdogo wake.