Dorika Mughwai, Aliyeikalia Pikipiki ya Peniel

Marehemu Dorika Mughwai alizaliwa Sepuka tarehe 9 Machi 1974, wa kwanza kati ya sisi watano. Alisoma hapa hadi darasa la saba, akamaliza kidato cha nne Singida mjini mwaka 1992. Alikuwa mbishi tangu utotoni; hata mama, aliyekaa hapa mbele, hawezi kukataa.

Mwaka 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu Leonard, wakajaliwa Luciana na Kefa.

Mwaka 2012 akawa wakala wa bima za magari na pikipiki. Namba ya chesisi hakuinakili kutoka kwenye kadi. Alipiga magoti akaisoma mwenyewe kwenye chuma.

Julai 2022, pikipiki zikiibwa karibu kila wiki, abiria alimpora Peniel, dereva wa bodaboda, pikipiki aliyoinunua kwa alizeti ya misimu mitatu. Peniel alikuja kwa dada na matumaini: si dada ndiye aliyemkatia bima? Kumbe ni bima ndogo, inayomlipa uliyemgonga, siyo wewe uliyeibiwa. Kijiji kikamcheka kwamba kalipia kitu asichokijua. Akarudi kulima vibarua.

Dada hakutulia. Kila mnada yumo, anapiga magoti, anasoma chesisi. Miezi tisa, ndugu zangu! Tarehe 15 Aprili 2023, mnadani Kintinku, akaikuta. Rangi nyingine, kibao cha namba kingine, chesisi ileile! Akaikalia. Bwana aliyekuja nayo akamfokea:

"Mama, shuka, pikipiki yangu hiyo."

"Yako? Haya, nitajie chesisi."

Yule bwana akamtajia namba ya kibao. Dada akapiga yowe, mnada mzima ukajaa pale, na polisi walimkuta bado amekaa, mkoba mapajani. Nilikuwepo! Nikikumbuka natamani kurukaruka hata leo.

Novemba 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alifariki hospitalini Singida, Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla aliniita.

"Anselm, mdogo wangu, kwenye wasifu uandike Peniel hakuwa mjinga. Aliniuliza kama bima ile inalipa wizi. Kwa haraka zangu nikamwambia inalipa. Halafu nikanyamaza watu wakimcheka. Pikipiki nimemrudishia, heshima yake bado."

Ameacha mama, mume, watoto wawili na sisi wadogo zake wanne. Peniel, umesikia. Na mliocheka mmesikia. Dada, nimeyasoma yote; sasa pumzika, Bwana akupe amani.