Risala ya Wapakiaji na Washonaji wa Magunia Siku ya Kupokewa Bima ya Wakurugenzi

Mgeni rasmi, Bwana Nasir Abdikarim, meneja wa bima uliyetoka Bungoma asubuhi hii kwa ajili yetu, Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Kipketer, waheshimiwa wakurugenzi, nanyi wenzetu mlioweka magunia chini ili mje kusikiliza: hamjambo.

KARIBU KITALE

Umekuja kuikabidhi bodi yetu bima mpya ya wakurugenzi. Mkurugenzi akishtakiwa kwa uamuzi wa kazini, bima hii humtafutia wakili na kumlipia fidia. Sisi huku chini tunaiita mwavuli. Tunaishukuru, kwa maana tumeona kwa macho yetu mvua ikinyesha na wenye mwavuli wasilowe. Badala ya kukuchosha kwa maelezo mengi, tumeonelea tukusimulie habari za mwenzetu Edah Nakhumicha. Unamfahamu kidogo.

TULIKOTOKA

Edah alitoka Ndalu akaajiriwa hapa kushona midomo ya magunia. Bodi ilipotangaza kwamba wafanyakazi nao watakuwa na mkurugenzi wao, tulimchagua yeye, kwa kuwa hana makuu. Kwao wakaanza kumwita Mkurugenzi, na mumewe akamnunulia viatu vya kufunika vidole.

Mikutanoni alikaa mwisho wa meza. Likifika jambo zito, Mwenyekiti alimwomba kwa heshima zote atoke akaangalie kama chai iko tayari. Edah alitoka. Alidhani ndivyo ukurugenzi ulivyo kwa mgeni, kama bibi harusi anavyoanzia jikoni.

Kisha msimu wa mavuno ukafika, ghala likajaa hadi juu, na ukuta wa nyuma ukamwangukia Wakhungu, mpakiaji mwenzetu. Tulimtoa kwa mikono. Mguu wake ulivunjika vibaya, na tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo. Wakhungu aliishtaki kampuni pamoja na wakurugenzi, kila mmoja kwa jina lake. Jina la Edah likiwemo.

MAFANIKIO

Wakurugenzi wenzake walipata wakili upesi, kwa hisani ya bima. Edah alipouliza wakili wake ni nani, aliambiwa aulize Bungoma. Akavaa vile viatu, akaja ofisini kwako, mgeni rasmi. Ulimkaribisha vizuri, ukampa soda, ukamweleza pole pole kwamba bima ilikatwa kwa ajili ya wakurugenzi waliochaguliwa na wenye hisa. Yeye alichaguliwa na wafanyakazi.

"Kwa hivyo mimi si mkurugenzi?" alikuuliza.

Ukamjibu, "Mama, kwa bima hapana. Kwa kesi, ndiyo."

Aliporudi alitusimulia bila hasira. Alisema soda ilikuwa baridi.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Edah aliwaza juu ya shamba lao dogo la Ndalu, ambalo lingeuzwa wakishindwa. Lililomkera zaidi ni kwamba Wakhungu ni jirani yake. Walichota maji kwenye bomba moja, na sasa mke wa Wakhungu hakujua amsalimu au ampite. Edah ndiye aliyevunja kimya. Alimwambia Wakhungu aendelee na kesi yake, asimwonee haya, kwani mguu ni wake.

Siku ya kesi, wakili wa wakurugenzi alieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba ukuta ulianguka ghafla. Bodi haikujua kama una ufa; jambo hilo halikuwahi kufika mezani. Wakurugenzi wote walitikisa vichwa kukubali. Zamu ya Edah ilipofika alisimama peke yake. Hakimu akamuuliza kama yeye, akiwa mkurugenzi, alijua habari za ule ufa.

"Mheshimiwa, sikupata kusikia walichoamua," Edah akasema. "Wakianza maneno ya ukuta, mimi naambiwa niende niangalie chai."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Kwa hivyo maneno ya ukuta yalikuwa yakianza?"

"Kwani kuna mkutano ambao hatukunywa chai?"

Wakili aliomba muda wa kuzungumza na wateja wake. Edah aliondolewa kwenye kesi. Wakhungu alishinda. Fidia ililipwa na bima yako, na hapo ndipo tulipoyashuhudia mafanikio haya kikamilifu: hakuna mkurugenzi hata mmoja aliyepungukiwa na kitu. Tunawapongeza.

CHANGAMOTO

Edah amechaguliwa tena, na tunasikia safari hii jina lake limo katika bima. Alipopewa habari hiyo alishukuru, kisha akauliza, "Na ukuta wa upande wa barabara, ule wenye ufa, umekatiwa nini?" Aliambiwa jambo hilo linashughulikiwa. Bima, kama tunavyoona, imetangulia kufika kabla ya saruji.

MAOMBI

Tunaomba ufa huo uzibwe, au mahindi yapunguzwe upande ule. Jambo hilo likishindikana, tunaomba sisi sote tuteuliwe kuwa wakurugenzi, angalau kila tunapoingia ghalani.

Ombi la mwisho ni la msamaha. Hema lako lilikuwa limepigwa kando ya ukuta huo wa barabara, kwa kuwa pana kivuli kizuri na picha zingependeza. Leo asubuhi Edah aliwauliza wakubwa kama bima mpya inalinda na wageni. Hakuna aliyekuwa na hakika. Ndiyo sababu, mgeni rasmi, tumekuhamishia juani.

Mwenyezi Mungu akulinde, akurudishe Bungoma salama, na atulinde nasi ambao hatuna mlinzi mwingine.

Imesomwa na Phelista Nekoye, kwa niaba ya wapakiaji na washonaji wa magunia, Maghala ya Nafaka Mavuno Mema, Kitale.