Sare Getini: Maisha ya Afande Shangazi

Ndugu, jamaa na marafiki, tunayemsindikiza leo alikuwa na vyeo viwili. Kazini alikuwa sajenti. Kwa watoto alikuwa Afande Shangazi, na hicho ndicho alichokiitikia upesi zaidi.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1959 katika kota za polisi, nyumba iliyopakana na karakana ya magari, akiwa kifungua mimba wa konstebo na mshona nguo. Alipenda kusema kwamba alibembelezwa na injini zilizogoma kuwaka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966. Akiwa darasa la sita, baba yake alifariki akiwa kazini. Waombolezaji walijaa mpaka uani, lakini hakuna aliyekumbuka kwenda shuleni kwake kutoa taarifa. Familia ilitakiwa kuiachia nyumba, wakahama, na aliporudi shuleni alikuta nafasi yake ina mtoto mwingine. Mwaka mzima alikaa nyumbani akimsaidia mama yake kushona vifungo. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni. Hata hivyo alirudi darasani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1977.

Alijiunga na polisi mwaka 1979, na miaka saba baadaye akapelekwa ofisi ya ustawi wa familia za askari: meza moja, viti viwili, na dirisha lililokataa kufungika. Askari akifariki, wenzake walikwenda msibani; yeye alianzia shuleni.

"Asiyekuwepo na lake halipo," aliwaambia walimu wakuu. "Mtoto yuko msibani, basi mimi nimekuja badala yake."

Hakuinuka mpaka aahidiwe kwamba nafasi ya mtoto haitaguswa. Kutoka hapo alikwenda kwa mkuu wa kituo, kuomba familia isihamishwe kabla ya mitihani. Alikuwa king'ang'anizi, na tunashukuru.

Utaratibu huo uliwahi kumponza. Mwaka 1991 alikwenda shule ya jirani na habari njema: watoto wawili wa askari wamepata ufadhili wa sekondari. Alipoingia tu darasani na sare yake, watoto wote wa askari wakaangua kilio, kila mmoja akidhani ni baba yake. Mwalimu naye akalia.

"Jamani, hajafa mtu!" alipaza sauti, wala hakuna aliyemsikia.

Jioni alikataa chakula. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, wanakuona siku za msiba tu. Nenda na siku zisizo na jambo."

Tangu hapo, kila mwezi aliingia shuleni na sare kamili, akaruka kamba na watoto, akashindwa mchana kweupe, akaondoka. Vijana wa ofisini kwake nao aliwapeleka kuruka kamba, na alipostaafu mwaka 2014 waliendelea.

Mume huyo, fundi wa redio za polisi, alifunga naye ndoa tarehe 10 Desemba 1983. Alizoea kulalamika, "Ukioa polisi, sukari ikipungua mshukiwa ni wewe." Walipendana sana, na kila mtu aliliona hilo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alivumilia, akitania wauguzi. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono na watoto wao wakiwa kando.

Asubuhi hiyohiyo, koplo aliyerithi meza yake, mmoja wa wale watoto wawili wa ufadhili wa mwaka 1991, hakuja kwanza nyumbani. Alikwenda shuleni kwa mjukuu wa mwisho wa marehemu. Mtoto alipoiona sare getini alimkimbilia akicheka, akamnyooshea ncha moja ya kamba. Koplo akaipokea, akaketi naye chini, ndipo akamwambia. Kisha akaingia kwa mwalimu mkuu.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake wa kike, na watoto wa askari waliosoma kwa sababu yake, wengi wao wamesimama hapa na sare.

Nafasi ya mjukuu wako ipo, Afande Shangazi. Zamu tumeipokea. Pumzika kwa amani.