Honorable Éliézer na Ripoti ya Mwisho kwa Watu wa Kirumba

Wapendwa mlioacha shughuli zenu na kuja katika kilio hiki hapa Evere, Brussels, mimi ni Kahambu Mathilde, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, ijapokuwa kwa haki angesoma mwanawe wa kwanza, Bienaimé, lakini Bienaimé yuko Kampala, visa wamemnyima, anatusikiliza kwa simu iliyo mkononi mwa dada yake Jémima, basi mtanivumilia.

Marehemu, Honorable Éliézer Kakule Vahwere, alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tano 1957, Kirumba, katika territoire, yaani wilaya, ya Lubero kule Kivu, wakati nchi ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji, akiwa mvulana wa nne wa wazazi wetu waliolima viazi, na ndiyo maana ya jina lake Kakule. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kirumba kuanzia 1963 hadi 1969, akaendelea na masomo ya ualimu Butembo, akapata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1976, akarudi kufundisha, na mwaka 1988 akawa préfet, yaani mkuu, wa shule ya sekondari, na wanafunzi wake waliomo humu watanishuhudia kwamba jambo hakulisema mara moja, alilisema mara tatu, na baada ya mara ya tatu alikuuliza umesikia nini.

Tarehe 17 mwezi wa nane 1985 alifunga ndoa na mama Mignonne Masika, Mungu akawajalia watoto wawili, Bienaimé na Jémima, na mama Mignonne alipotutangulia tarehe 2 mwezi wa kumi 2014, kaka yangu hakuoa tena, wala hakujifunza kupika.

Siasa aliingia akiwa na mvi tayari. Tarehe 29 mwezi wa kumi 2006 alichaguliwa député provincial, yaani mbunge wa jimbo, akakaa katika Assemblée ya Goma miaka mitano, akiipigia kelele barabara ya Lubero mpaka wenzake wakamwita Papa Barabara, na mwaka 2011 watu wale wale wakamtuma Kinshasa, député national, mbunge wa taifa. Na ninyi mnajua, wengi wakishafika Kinshasa husahau njia ya nyumbani, lakini yeye kila kikao kikifungwa alirudi Kirumba, akasimama mbele ya base yake, yaani watu waliomchagua, akawapa ripoti ya alichosema, alichopigia kura na alichoshindwa, kisha akawaachia nafasi ya maswali, na watu wa Kirumba hawamwonei mtu haya, walimuuliza mpaka akatoka jasho.

Katika mwezi wa tano 2017 alisema bungeni maneno makali juu ya wanaotajirika kwa vita vyetu, simu za watu wasiojitaja zikaanza, na tarehe 21 mwezi wa sita alishuka hapa kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem na valise moja ya nguo, bila kupita Kirumba, bila kuaga mtu. Hapo ndipo palikuwa na jeraha lake. Kule nyumbani walisema amekula, ametoroka, na yeye tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, kusimama mbele yao na kuwaeleza kwa nini aliondoka, wao wamsikilize mpaka mwisho.

Hapa Brussels, kuanzia mwezi wa tatu 2019 hadi alipoanza kuugua, alisafisha ofisi katika majengo marefu ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, alikwenda kazini na tai shingoni, wenzake wakamcheka, baadaye wakamheshimu. Lakini ripoti hakuiacha, hata mandat yake, muda wake wa ubunge, ilipokwisha. Kila mwezi wa saba na kila mwezi wa kwanza, bunge la Kinshasa likienda likizo, alikodi ukumbi mdogo hapa Evere, akapita Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, akaingia Galerie d'Ixelles saluni kwa saluni kuwaalika watu wa Kivu, na mwanzoni ukumbi ulijaa, kisha ukawa nusu, kisha wakaanza, ah, Honorable wa nini tena, na sambusa nilizokaanga mimi nilikula peke yangu wiki nzima. Sasa hili halimo kwenye karatasi, lakini nitalisema. Mulikuwa wapi? Leo muko bengi mpaka ku mulango, salle haitoshi, muntu akiwa muzima munasema ni musumbufu, akikufa munakuya na maua! Bon, nimemaliza, narudi kwenye karatasi.

Tarehe 10 mwezi wa saba 2021 alikuja mtu mmoja tu, jirani yake wa ghorofa ya chini, madame Godelieve, mama Mbelgiji wa Kiflama, mjane, asiyejua neno la Kiswahili, ambaye yaya, ndivyo nilivyomwita kaka yangu tangu utoto, alimkaribisha kwenye ngazi kwa adabu tu. Alikaa na mkoba wake magotini, akasikiliza saa mbili nzima, na tangu siku hiyo hakukosa ripoti hata moja. Nilimuuliza kwa nini anajitesa, akanijibu kwa Kifaransa kwamba mtu akivaa vizuri namna ile ili aseme, lazima ana neno. Nikamwomba yaya basi aseme Kifaransa kidogo, akakataa kabisa, ripoti ni ya base, haitafsiriwi.

Ugonjwa wa ini ulijulikana mwezi wa tisa 2024, na tarehe 6 mwezi wa kwanza 2025 aliingia hospitali kwa mara ya mwisho. Tarehe 18 aliomba tumkalishe na tumfunge tai, kwa sababu wakati wa ripoti ulikuwa umefika. Tulikuwa wawili, mimi na madame Godelieve. Safari hii hakutaja Kinshasa, aliwaita watu wa Kirumba kwa majina, na wengine ni marehemu, akawaambia kwamba hakuwakimbia, alikimbizwa, lakini angeweza kupita kuwaaga na aliogopa, wamsamehe. Kisha kama kawaida yake akauliza kama kuna swali. Mimi nilikuwa nalia. Madame Godelieve akanyoosha mkono, akauliza kwa Kifaransa kama leo amekula, na yaya akacheka, jamani, akacheka mpaka nesi akaja kuangalia. Alitutoka tarehe 11 mwezi wa pili, Jémima akiwa kando yake, na tunamzika hapa kwa kuwa njia ya Kirumba imefungwa na vita, nami naumia sana kwa hilo.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa jengo lake, wenzake wa kazi, wachungaji na kwaya, Mungu awalipe.

Programme inasema baada yangu ni neno la base. Watu wa Kirumba hawakupata njia, na papa watatu, wazee wetu waliomo humu, wamejitolea kusema kwa niaba yao, nawashukuru, wabaki wameketi. Neno la base atalitoa madame Godelieve, ameliandika mwenyewe kwa lugha yake, na halitatafsiriwa. Asiyejua Kiflama atakaa kimya asikilize mpaka mwisho, yeye ameweza miaka mitatu na nusu.

Yaya wangu, umechoka sana, pumzika kwa amani.