Ndirangu wa Ndarugo na Ngazi za Borgoserra

Ndugu, jamaa na marafiki, asanteni kwa kuja kuketi nasi. Familia ya Mzee Githinji wa Ndarugo imemtuma Milka, binti wa shangazi yake marehemu, anayefanya kazi hotelini hapa Al Sadd, Doha, asimame mbele yenu leo, Jumatano tarehe 17 Mei 2017, awasomee maisha ya Herbert Ndirangu Githinji, na sauti ikimkwama katikati mumvumilie, kwa maana hawa wawili walilelewa nyumba moja na kugombania blanketi moja.

Ndirangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Ndarugo, karibu na Juja, mtoto wa tatu wa Mzee Githinji na Mama Peninah, katika nyumba iliyokuwa ukingoni mwa machimbo ya mawe, ambako mtoto huamshwa na nyundo wala si jogoo. Alisoma shule ya msingi papo hapo Ndarugo kuanzia mwaka 1983 hadi 1990, akaingia sekondari Januari 1991, akafika kidato cha pili, na Agosti 1992 baba yake alipoangukiwa na mwamba na kuvunjika nyonga, Ndirangu alizichukua nyundo na tindo za mzee bila kuombwa na mtu, akashuka shimoni, na shule ikaishia hapo.

Alichonga mawe Ndarugo miaka kumi na sita, na alichonga kama wanavyochonga watu wa kule, yaani kwa sikio, akiligonga jiwe na kusikiliza lina ufa wapi, kisha anainama na kupuliza vumbi kwa mdomo ili auone mstari, maana kwao fundi anayefagia jiwe kwa brashi huchekwa. Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa na Wanjiru, msichana aliyekuwa akiuza chai pale machimboni na kumpunja sukari makusudi ili arudi kulalamika, wakajaliwa watoto wawili, Githinji aliyezaliwa mwaka 2004, na Peninah aliyezaliwa tarehe 20 Februari 2009, wakati baba yake ameshaondoka.

Kwa maana tarehe 3 Novemba 2008 Ndirangu alifika Doha, akapelekwa mtaa wa The Pearl, kwenye jengo ambalo mwenye nalo alitaka lifanane na jumba la baraza la mji mmoja mdogo wa Italia uitwao Borgoserra, jumba lenye umri wa zaidi ya miaka mia saba, chini baraza ya matao ambamo watu waliuziana nafaka, juu ukumbi mkubwa wa madiwani wenye picha zilizochorwa ukutani, ubavuni mnara wenye meno na kengele, na katikati ngazi za mawe. Msimamizi wa kazi alikuwa mzee wa Kiitaliano, Otavio, mzaliwa wa mji huohuo, naye alimpa Ndirangu kazi ambayo Ndarugo hakuna aliyewahi kuisikia, nayo ni kuzeesha mawe mapya, achonge ngazi zionekane zimelika, kana kwamba wakulima, maharusi na makarani wamezikanyaga karne hizo zote. Wenzake katika kambi ya wafanyakazi walimcheka kwamba amevuka bahari kwenda kuharibu vitu vya watu.

Na kweli aliharibu. Sehemu ya kwanza ya ngazi aliichonga ilike upande wa kushoto, kwa sababu mtoto wa Kenya hufundishwa tangu darasa la kwanza kupita kushoto, ilhali watu wa Borgoserra walipanda wakishika ukuta wa kulia, kwani upande ule mwingine haukuwa na kizuizi. Mzee Otavio aliziangalia zile ngazi, akacheka mpaka akakaa chini, akasema ziachwe hivyo hivyo, wageni wajue kwamba Wakenya nao walipita.

Urafiki wao ulianzia hapo, na saa za chakula Otavio alimsimulia habari za lile jumba, naye jioni akatusimulia sisi. Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya magavana wa Borgoserra, kwamba watu wa mji ule hawakuaminiana, wakawa wanaajiri gavana mgeni kutoka mji mwingine kwa mkataba wa mwaka mmoja, haruhusiwi kuja na mkewe, haruhusiwi kula nyumbani kwa mwenyeji yeyote, na mkataba ukiisha haruhusiwi kuondoka mpaka kazi yake ikaguliwe na wenyeji waseme aende, ndipo anatundika ngao ya ukoo wake ukutani na kupanda farasi wake. Ndirangu alikuwa akifika hapo anapiga paja na kusema, "Si mnaona, hata gavana alikuwa na kafili!" yaani mwajiri ambaye bila sahihi yake mgeni haondoki Doha. Tulicheka sana, na yeye alicheka mpaka akakohoa, na hicho kikohozi hatukukitilia maanani.

Jengo lilifunguliwa mwaka 2013, Otavio akarudi kwao, Ndirangu akabakizwa kuwa fundi wa marekebisho. Nyumbani alienda mara mbili tu, Desemba 2011 na Agosti 2014, na mara ya kwanza Peninah alimkimbia akajificha nyuma ya mama yake, jambo ambalo Ndirangu alilisimulia kama mzaha lakini halikuwa mzaha kwake. Kila mwaka aliahidi kurudi moja kwa moja, na kila mwaka palikuwa na tao moja zaidi la kurekebisha.

Oktoba 2016 alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi zake mwenyewe. Januari mwaka huu madaktari walimwambia mapafu yake yamejaa vumbi la mawe, la Ndarugo na la Doha, na kwamba halitoki, nasi tuliumia mno tulipokumbuka ule mdomo wake ukipuliza jiwe. Aliomba jambo moja tu, akafie nyumbani, mkono wa Wanjiru ukiwa karibu. Aliomba kibali cha kuondoka mwezi Februari, na kafili aliyepaswa kutia sahihi alikuwa safarini, na kila tulipokwenda kuuliza, mimi Milka na rafiki yake Kiprop, tuliambiwa bukra, yaani kesho, na kesho hiyo ikawa Machi, ikawa Aprili. Kibali kilitoka tarehe 8 Mei, tiketi ikakatwa ya Alhamisi tarehe 18, Ndirangu akamwomba Kiprop amnyoe ndevu ili mtoto asimkimbie tena. Alifariki tarehe 11 Mei, saa tisa alasiri, ndevu zimenyolewa. Hatuna neno la kulifunika jambo hili, limetuvunja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa dada Scovia wa Uganda aliyemwimbia bila kuombwa, majirani wa kambini, Wakristo na Waislamu, waliomsitiri, mafundi wenzake wa The Pearl, na Mzee Otavio aliyepiga simu akalia kwa Kiitaliano, nasi tukamwelewa.

Wanjiru, tunajua unasikiliza kwa simu, na watoto wako hapo kando yako. Uliwaambia baba yao anafika Alhamisi. Kesho ni Alhamisi, na anakuja kwa ndege ile ile aliyokatiwa tiketi, hatukukubali abadilishiwe siku. Msimamishe Peninah mbele, asiogope. Ndirangu, mwana wa mjomba, umeruhusiwa. Nenda nyumbani ukapumzike kwa amani.